Sura ya Tisa: Mashine Isiyo na Shaka

Wewe uliona. Usiseme hukuwepo. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, jua limeiwakia Kibomet yote, na Kibe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa bado na miwani yake nyeusi mkononi wanaume wanne walipomsukuma ndani ya gari jeupe lisilo na namba. Uliinamia simu. Mwenzako akajifanya anachagua nyanya. Mwenye duka la mbolea akashusha mlango, naye hajawahi kufunga kabla ya saa kumi na mbili jioni tangu afungue lile duka. Kabla ya Kibe alichukuliwa mwalimu aliyeuliza kuhusu shamba la shule. Kabla ya mwalimu, msagaji wa unga wa posho. Kabla ya msagaji, wasichana wawili ambao hata majina yao mmeyaacha yaote majani. Kila mara mnasema hamkuona vizuri. Haya, tazameni hapa, maana miezi mitano baadaye mliletewa sanduku, na sanduku hilo lilikuwa lizikwe Ijumaa saa saba mchana.

Ijumaa hiyo, saa moja asubuhi, Sajini Rispah Walubengo alisimama kwenye mlango wa nyuma wa mochari, mjini Kitale, akiwatazama vijana wanne wakilichukua jeneza. Waliinama, wakahesabu, wakainua. Jeneza likaruka. Wote wanne walikuwa wamejiandaa kwa uzito wa mtu, na ndani mlikuwa na mifupa kumi na mmoja tu, bila kichwa, bila mikono, iliyookotwa kwenye shimo linalochimbwa murram, changarawe ya barabara, karibu na Misikhu. Kijana wa mbele aliyumba nusura aanguke. Hakuna aliyecheka.

Nyaguthii, mama yake Kibe, hakulia. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani na kushika karatasi ya maabara kama mtu anayeshika kitu cha jirani.

"Afande, huyu si Kibe," alisema.

"Mama, karatasi inasema ni yeye."

"Nimesikia karatasi. Mimi nakwambia vile tumbo langu linasema."

Inspekta Ngari, mkuu wa upelelezi, alikuwa amevaa suti ya mazishi tayari. Alimvuta Rispah kando na kumpa faili. "Leo hii ifungwe. Ilifunguliwa kama utekaji, sasa mtu amepatikana. Alianguka shimoni. Weka sahihi, twende tukanywe chai ya matanga."

"Alianguka shimoni Misikhu, kutoka ndani ya gari Kibomet?"

"Rispah. Usinianzie asubuhi."

Rispah alielewa kilichokuwa kwenye mizani. Faili ikifungwa, hakuna atakayemtafuta Kibe tena. Kama yumo sandukuni, sawa. Kama hayumo, basi yuko mahali, hai au mfu, na kuanzia saa saba mchana sheria itakuwa imeacha kumuulizia.

Alifungua ripoti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri na asilimia tisini na tisa nukta tisa. Wa pili, maelezo. Wa tatu hadi wa tano ulikuwa ule mkia ambao hakuna anayeusoma, herufi za vinasaba A, C, G, T, mstari baada ya mstari. Chini ya kila mstari wa herufi kulikuwa na mstari mwingine, na mstari huo ulikuwa na kitu kimoja tu.

FFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFF

Aligeuza ukurasa. F. Akageuza tena. F mpaka mwisho wa karatasi, zimejipanga kama misalaba ya makaburi ya wanajeshi.

Kabla ya kuingia polisi, Rispah alipima mahindi miaka sita kwenye ghala moja la Kitale. Unachoma gunia kwa chuma, unatoa punje, unaziweka kwenye kipimo cha unyevu, unaandika. Lori likileta magunia mia tatu na karatasi ionyeshe kumi na tatu nukta tano kwa kila gunia, ujue mpimaji hakuinuka kwenye kiti. Gunia la juu hukauka, la chini hunywa maji ya sakafu, la katikati lina lake. Kitu kilichowahi kuwa hai hakifanani hivyo.

"Nipe mpaka saa saba," alimwambia Ngari, na hakungoja jibu.

*

Maabara ilikuwa Bungoma, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Ilikuwa ya watu binafsi. Taa nyeupe, mapazia yamefungwa mchana kweupe, friji tano zikinguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Mle ndani hakukuwa na harufu yoyote. Rispah aliona hilo ndilo lililomkosesha raha: mahali penye mifupa ya watu, na pua haiambiwi chochote.

Kiarie, mkuu wa mashine, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amevaa glavu tayari. Msaidizi wake, Phelista, mwanamke wa makamo, alikuwa akifungua katoni ya dawa za mashine kwa kisu cha jikoni.

"Karibu afande. Kuna shida?"

"Nataka kuona safari ya mfupa. Kuanzia mlangoni."

Alianza na alichokifikiria kwanza, kwamba vichupa vilibadilishwa. Akaomba rejista. Namba ya lakiri ya mfuko ililingana na ya polisi. Saa ya kupokea ililingana. Kisha akapata sahihi ya Kiarie ambayo haikuwa ya Kiarie. Ile R ilikuwa na mkia mrefu ambao sahihi zake nyingine hazikuwa nao.

"Hii ni ya nani?"

Kiarie alimtazama Phelista. Phelista akaweka kisu chini.

"Ni yangu. Siku hiyo alikuwa kwa harusi ya dadake Kiminini. Nikamwekea."

"Ulimghushia sahihi?"

"Nilimsaidia, dada. Kama ni kosa, andika."

Rispah aliandika. Alifuata ule uzi saa nzima. Alihesabu vichupa kwenye friji, akalinganisha vibandiko, akampigia bwana harusi wa Kiminini aliyekuwa bado na usingizi. Uzi haukufika popote. Mfupa uliopokelewa ndio uliosagwa, ndio uliosomwa. Hakuna mkono uliobadilisha kitu. Saa nne kasoro ilikuwa imefika.

Akaweka kurasa za F mezani.

"Hizi ni nini?"

"Alama za uhakika," Kiarie alisema. "Mashine ikisoma herufi, inaipa alama kuonyesha ina uhakika kiasi gani. F ni ya juu. Yaani imeona vizuri kabisa."

"Kila herufi?"

"Data safi, afande."

"Mfupa umelala kwa shimo la murram, masika yote mvua imenyesha juu yake, na mashine haikusitasita hata mara moja?"

Kiarie akacheka kidogo, kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi. "Aa, hapana. Hiyo ni vile tunahifadhi. Unajua, alama ndizo zinakula disk. Herufi ni aina nne tu, zinafinyika vizuri. Alama ni aina arobaini na zinarukaruka, hazifinyiki. Kwa hivyo tukazipunguza. Mwanzo tulibakisha aina nane. Disk ikajaa. Tukabakisha nne. Ikajaa tena. Sasa tunabakisha moja."

"Mkabakisha F."

"Si lazima ubakishe kitu?"

"Mngebakisha ile ya chini."

"Programu ya kulinganisha ingekataa kazi yote, bana!"

Alilisema hilo bila aibu. Friji ziliendelea kunguruma. Rispah alikuwa amewahi kuwahoji waongo wengi, lakini hajawahi kukaa mbele ya kitu kilichofundishwa kutokuwa na shaka.

"Kulinganisha mfupa na mama yake," aliuliza polepole, "mlifanya kabla ya kufinya, au baada?"

Kiarie alizivuta glavu zake vidoleni.

"Baada," alisema Phelista. "Folda ya kazi ni moja. Kila kitu kinaingia kikiwa kimefinywa."

"Na alama za kwanza, zile arobaini?"

"Tunafuta," Kiarie alisema haraka. "Ni takataka tu, afande. Herufi ndiyo kitu."

"Ziko," alisema Phelista.

"Phelista!"

"Si ziko? Tumbo la mashine linashika kazi ya mwisho mpaka ianzishwe nyingine. Dawa iliisha siku ile ya mfupa. Mpya ndiyo hii nafungua. Dada, huyu alikuwa anataka kuwasha sasa hivi. Akibonyeza hapo, ya zamani imekwenda."

Mkono wa Kiarie ulikuwa juu ya kioo cha mashine. Huenda hakuwa na nia mbaya. Watu wengi waliozika ukweli katika nchi hii walikuwa wanatafuta nafasi tu kwenye disk.

"Toa huo mkono hapo," Rispah alisema. "Rudi nyuma hatua tatu. Vua glavu."

Alifanya kazi kwa utaratibu, kwa sababu baadaye mtu atasimama kortini kuuliza. Alipiga picha kioo cha mashine na saa ya ukutani katika fremu moja. Akamwagiza Phelista anakili data mara mbili, kwenye disk mbili mpya zilizonunuliwa duka la chini, risiti ikibandikwa daftarini. Moja aliifunga ndani ya bahasha, wote watatu wakaweka sahihi juu ya utepe, kila mtu sahihi yake mwenyewe. Ya pili wakaifungua.

"Niwekee zile kurasa tena. Zile zile."

Herufi zilikuwa zile zile. Chini yake, misalaba ilikuwa imeondoka.

#,+#F,#++,#F#,,+#+,#F,#+#,,#++#F

"Soma," Rispah alimwambia Kiarie.

Kiarie alikaa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Reli, hii #, ni karibu haioni. Koma na jumlisha, inakisia. F peke yake ndiyo..."

"Ndiyo imeona."

"Ee."

"Nionyeshe mahali mlipoamua kwamba huyu ni mtoto wa Nyaguthii."

Palikuwa mahali panne. Vinasaba vya upande wa mama hupita kutoka kwa mama peke yake, Kiarie alieleza, na ukoo wa Nyaguthii una herufi nne ambazo si watu wengi wanazo. Kwenye mfupa, zote nne zilikuwepo. Ndiyo hiyo asilimia.

"Ya kwanza. Mashine iliisoma mara ngapi?"

"Mara kumi na mbili. Tisa zinasema T, kama mama. Tatu zinasema C."

"Tisa kwa tatu, T ikashinda."

"Ndiyo kura, afande."

"Hizo tisa, zina alama gani?"

Alishuka kwa kidole. "Reli. Koma. Reli. Jumlisha. Reli, reli. Koma..." Sauti ilikuwa inapungua. "Koma. Reli."

"Na hizo tatu?"

"F. F. F."

Rispah alikuwa amesikiliza mashahidi miaka kumi na nne. Alijua kesi ya watu tisa waliokuwa wamelewa ng'ambo ya barabara, na watatu waliosimama mlangoni na taa mkononi. Hapa mtu alikuwa amewavisha wote kumi na wawili sare moja, akawapa nguvu moja ya macho, kisha akasema tuhesabu mikono.

"Ya pili?"

"Nane kwa nne. Hivyo hivyo." Kiarie hakungoja kuulizwa. "Ya tatu pia. Ya nne pia."

"Sasa nieleze kitu kimoja. Mashine ikikisia, si ingekisia ovyo? Mbona hafifu zote zinakisia kama Nyaguthii? Mahali pote panne?"

Phelista alikuwa ameifungua rejista tena, ukurasa wa siku ile ya harusi. Aliisoma mistari miwili, akaigeuza imwelekee Rispah, akaweka kidole.

*Kichupa 7, mfupa, Misikhu. Kichupa 8, mate, mama.*

"Walisomwa pamoja?"

"Safari moja, jirani kwa jirani," Phelista alisema. "Kanuni haitaki. Mfupa usomwe siku yake na mtu hai siku yake. Lakini huyo mkubwa wenu wa upelelezi alipiga simu akasema anataka majibu haraka. Dawa ilikuwa ya safari moja tu. Nikawapanga pamoja. Mimi ndio nilipanga."

"Na kichupa kinaweza kumwagikia jirani?"

"Siyo kumwagika," Kiarie alisema kwa kunong'ona. "Ndani ya mashine. Vipande vichache hupachikwa namba ya jirani. Hutokea kila mahali, kila mashine. Huwa hafifu, alama za chini, kwa hivyo programu inavitupa yenyewe."

"Vikiwa na alama za chini."

"Ee."

"Ninyi mkavipa F."

Ghorofani kote kulikuwa na ule mngurumo tu, na Rispah aliona jambo lote kwa mara moja, waziwazi. Mfupa ulikuwa mkavu, umechoka, una machache ya kusema. Kandokando yake kulikuwa na mate mabichi ya mwanamke aliye hai. Walimtafuta mtoto wa Nyaguthii ndani ya ule mfupa, na waliyemkuta mle ni Nyaguthii mwenyewe.

"Hizo F chache," aliuliza. "Zile zilizoona. Zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe?"

"Zinakubaliana. Kote." Kiarie alifuta uso kwa kiganja. "Ni mtu mmoja. Ana mama mwingine."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

*

Ngari alipokea simu Rispah alipokuwa anaipita Webuye.

"Afande, simamisha mazishi. Mwili si wa Kibe."

"Maabara imesema ni wake."

"Maabara imeandika barua sasa hivi kusema haijui. Ninayo, ina sahihi."

Kwaya ilisikika nyuma yake. Ngari aliponena, hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililomtia Rispah baridi. "Familia imechoka, Sajini. Watu wamepika. Wacha mama apumzike."

Simu ikakatika. Rispah alikanyaga mafuta. Ile simu ya kwanza, ya kutaka majibu haraka, sasa alitaka kujua ilipigwa siku gani na saa ngapi, na nani alikuwa ameketi na Ngari ofisini. Aliandika hilo kwenye paja la suruali kwa kalamu huku akiendesha, ili lisimpotee.

Aliingia kwenye kiwanja cha Nyaguthii saa saba kasoro dakika sita. Jeneza lilikuwa limelala kwenye kamba mbili juu ya shimo, vijana wameshika ncha, na lilivyokuwa jepesi, upepo wa mchana ulikuwa ukilisukuma kidogo huku na huku. Mhubiri alikuwa amefika kwenye maneno ya mavumbi kurudi mavumbini.

"Msishushe," Rispah alisema.

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Ngari alitoka chini ya hema. "Sajini, rudi kituoni."

"Faili 41 ni ya utekaji nyara. Haijafungwa, sijaweka sahihi. Na hili sanduku sasa ni kielelezo." Akamgeukia Nyaguthii, akapiga magoti kwenye udongo ili macho yao yalingane, akamweleza kwa maneno machache: vichupa viwili, jirani kwa jirani, mate yake, mashine iliyonyang'anywa shaka.

Nyaguthii alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama lile sanduku likitikisika.

"Kwa hivyo waliyemwona humo ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na leo mlikuja kunizika mimi, na mimi nimewapikia."

Mtu fulani kwenye umati alipiga yowe fupi na kulimeza. Vijana wa kamba hawakujua wavute au waachilie. Nyaguthii alisimama, akafungua kile kitambaa cheupe, akakitandika juu ya jeneza la mtoto asiyemjua.

"Huyu ana mama," alisema. "Mtoeni hapo juu ya shimo. Wekeni ndani kwangu mpaka aje. Na wewe Ngari, mwanangu yuko wapi?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Watu mia mbili walimgeukia Ngari. Ngari alitazama saa yake.

Simu ya Rispah ikatetemeka. Ujumbe wa Phelista: *Dada nimepitia rejista yote. Tangu tubakishe alama moja, kuna wengine kumi na moja waliosomwa pamoja na mama zao. Kumi na moja wote majibu ni ndiyo. Wote wameshapewa karatasi.*

Kumi na moja. Mko Kamukuywa, mko Chwele, mko Lwakhakha, mko hapo nyuma ya msikiti wa mjini Kitale, na karatasi mmeiweka chini ya godoro kwa sababu ina muhuri. Itoe. Usingoje Jumatatu, usingoje mjumbe, usingoje mtoto wa dada aliyesoma. Vaa viatu. Nenda pale juu ya duka la magodoro uulize mama alisomwa siku gani na mfupa ulisomwa siku gani, na udai alama zote arobaini, si herufi peke yake. Wakisema zimefutwa, keti mlangoni, piga simu kwa jirani aje aketi, na jirani ampigie jirani. Kama kaburi limeshachimbwa, simama ndani yake. Kama limeshafukiwa, chukua jembe. Na kama huna karatasi, kama hujapoteza mtu bado, una miguu: kuna mtoto amelala sebuleni kwa Nyaguthii, Kibomet, na mama yake hajaambiwa. Ondoka ulipokaa. Mtafute huyo mama leo.